Soma Kabla Hujatuma

Nenda asubuhi kwenye steshenari yoyote iliyo jirani na ofisi ya halmashauri, mahakama ya mwanzo au chuo. Utamkuta kijana mbele ya kompyuta, na mteja amesimama nyuma ya bega lake. Mteja ana karatasi iliyokunjwa mara nne, na ndani yake mna barua aliyoiandika kwa mkono: anaomba kazi, anamwombea mtoto uhamisho wa shule, au anaeleza mgogoro wa mpaka wa kiwanja. Kijana anachapa kwa kasi. Akimaliza anageuza skrini kidogo na kusema, "Angalia kama kuna makosa, mzee." Mteja anainama, anatafuta jina lake, analiona, anaitikia kwa kichwa. "Iko sawa. Nitolee kopi mbili." Printa inalia, hela inatolewa, barua inaingia kwenye bahasha.

Ukaguzi wa barua ambayo huenda ikaamua ajira au kiwanja cha mtu umekwisha kwa sekunde tano. Tena mzee amekagua pale pasipo na hatari kubwa, kwa kuwa jina lake analijua na jicho hulikimbilia lenyewe. Hakutazama kumbukumbu namba ya barua anayoijibu. Hakutazama tarehe, wala namba ya kiwanja, wala cheo cha anayeandikiwa. Kama kijana wa steshenari ameandika kiwanja namba 214 badala ya 241, yeye mwenyewe hatajua kamwe. Atakayejua ni mzee, mwezi ujao, atakapoambiwa dirishani kwamba faili la kiwanja hicho lina jina la mtu mwingine.

Hoja yangu katika sura hii inaanzia hapo. Kosa katika maandishi ya kila siku hufanywa na mmoja, likalipiwa na mwingine. Aliyeandika vibaya saa ya mkutano ameokoa nusu dakika ya kusoma. Waliofika saa isiyo yenyewe wamepoteza nauli na nusu siku. Kusoma tena ulichoandika ni suala la adabu kabla halijawa suala la sarufi, na naomba ulitazame hivyo tangu sasa, hasa kama ulichoka na sarufi tangu shuleni.

Vitabu vina walinzi wao. Mswada hupita kwa mhariri, kisha kwa msoma prufu. Na vitabu vya shule nchini Tanzania hupelekwa BAKITA, baraza lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lugha yake ikakaguliwe na kupewa ithibati. Ujumbe wa simu hauna mlinzi. Baina ya kidole chako na macho ya shangazi yako hakuna mtu wa tatu wa kusema, "Hebu subiri, hapa ulitaka kusema nini?" Kazi hiyo yote ni yako.

Enzi za barua za karatasi, safari yenyewe ilimfundisha mtu utaratibu. Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958, na barua hizo baadaye zikachapishwa kuwa kitabu. Barua inayokaa njiani siku kadhaa inastahili kusomwa mara mbili kabla ya kufungwa, maana sahihisho nalo litakaa njiani siku zile zile. Kisha ikaja simu. Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na nafasi ya ujumbe mmoja ilikuwa herufi 160. Hapa kwetu ufinyu huo ulizaa uandishi wake: "cjui", "2taonana", "xaxa". Sina ugomvi nao. Vijana wawili wanaoelewana waandikiane wapendavyo. Ila itazame hiyo "c" ya "ckuja". Herufi moja imebeba ukanushi wote. Kidole kikiiruka inabaki "kuja", na rafiki yako ataona unamwita.

Huu ndio ugumu wa Kiswahili ambao wafundishaji wa uandishi hawausemi vya kutosha. Kitenzi chetu ni kifupi lakini kimesheheni. Ndani ya neno moja mna anayetenda, anayetendewa, wakati wa jambo, na kama jambo lenyewe limekuwa au halikuwa. Kwa hiyo herufi moja ikipotea au ikiongezeka, mara nyingi neno haliharibiki. Linageuka neno jingine zima lenye maana kamili. "Nimelipa" ikiongezwa herufi ni "nimelipwa", na fedha zimehama mfuko. "Amefunga" ni habari ya duka. "Amefungwa" ni habari ya polisi. "Amefika" na "amefiwa" zinatofautiana kwa herufi moja tu, na familia iliyokuwa ikisubiri taarifa ya msafiri inaweza kuanza kutafuta nauli ya kwenda kuhani.

Mfano unaonitisha kuliko yote ni huu. Kijana amesaidiwa karo na mjomba wake, na dada yake aliye mbali anataka kuonyesha furaha. Anaandika: "Nimefurahi kusikia mjomba amekufaa." Sasa iondoe "a" moja ya mwisho, usome tena.

Hakuna simu itakayomwonya dada huyo. Programu za kusahihisha maneno hutafuta neno lisilokuwepo kwenye orodha zake, na "amekufa" lipo. Isitoshe, simu nyingi za watu wetu zimewekwa Kiingereza, kwa hiyo kila neno la Kiswahili hupigiwa mstari mwekundu, hadi mtu akazoea kuupuuza mstari wenyewe. Nyingine hubadilisha bila kuuliza: umeandika "hata", yenyewe imeweka "hate". Mwenye simu ya namna hiyo anaweza kwenda kwenye mipangilio akazima usahihishaji wa moja kwa moja, au akaongeza kibodi ya Kiswahili. Ni kazi ya dakika mbili, ifanye leo. Lakini hata baada ya hapo simu haitajua kama mjomba yuko hai.

Ukanushi ndio unaoniumiza kichwa zaidi, kwa sababu kwetu mara nyingi ni silabi moja tu iliyojificha mwanzoni au katikati ya neno. Mwaka 1631 huko London, wachapaji wa mfalme, Robert Barker na Martin Lucas, walichapa Biblia ambamo kineno kimoja cha kukanusha kilidondoka katika amri inayokataza uzinzi, amri ikasomeka kama agizo la kuzini. Walitozwa faini ya pauni 300 na kunyang'anywa leseni. Wao waliangusha neno zima, na bado macho yote ya kiwanda hayakuliona. Sisi tunahitaji kuangusha "si" tu: "usimpe funguo" ikawa "umpe funguo", "asilipe" ikawa "alipe", na hakuna nafasi tupu itakayobaki kumshtua msomaji.

Kuna pia herufi ambazo kila mmoja wetu huzikosea kwa sababu ya lugha aliyoinyonya kwao. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 mjini Mombasa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, wengi wetu tulikijia tukiwa na masikio yaliyofunzwa na lugha nyingine, na baadhi ya lugha hizo hazitenganishi "l" na "r". Hilo si aibu. Lakini wazee wa pande mbili wakiandikiana "tumekubaliana mahali" wakati walikusudia "mahari", upande mmoja utaandaa viti na mwingine utaandaa fedha. Katika mkataba wa pango, "samani za nyumba" na "thamani ya nyumba" ni mambo mawili yasiyokutana. Ijue herufi inayokusumbua wewe, na unaposoma tena, itafute hiyo kwanza.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu asome sentensi yake mwenyewe na asione kilichopungua? Watafiti walianza kulichunguza hili zamani. Mwaka 1897 mwanasaikolojia wa Marekani, W. B. Pillsbury, alichapisha majaribio ambamo aliwaonyesha watu, kwa muda mfupi sana, maneno yaliyopunguzwa au kubadilishwa herufi. Mara nyingi watu walisoma neno likiwa kamili kabisa, kana kwamba herufi iliyoondolewa ilikuwepo. Mwaka 1976 Alice Healy alionyesha jambo jingine: wasomaji walioambiwa wakate kila herufi "t" katika maandishi ya Kiingereza waliikosa mno katika "the", kineno kinachojirudia karibu kila mstari. Kadiri neno linavyozoeleka, ndivyo jicho linavyolipita juu juu.

Yachukue hayo mawili uyalete kwetu. Vineno vyetu vya "ya", "wa", "na", "si", "ni" ndivyo jicho litakavyoviruka. Na mwandishi mwenyewe ni msomaji mbaya kuliko wote, maana tayari anajua alichotaka kusema. Akili yake inamsomea kilicho kichwani, siyo kilicho kwenye kioo cha simu. Kujiambia "nitakuwa makini zaidi" hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kuilazimisha akili ikutane na maandishi kana kwamba yametoka kwa mtu mwingine.

Njia ya zamani kuliko zote ni sauti. Katika viwanda vya uchapaji, mmoja alishika mswada na kuusoma kwa sauti, nukta na mkato vikitajwa, huku mwenzake akifuatisha prufu kwa kidole. Katika elimu ya Kiislamu, nakala mpya ya kitabu ililinganishwa kwa kusomwa sambamba na ile ya asili, na pwani yetu inaijua kazi ya kunakili: Siyu, katika kisiwa cha Pate, palisifika kwa wanakili wa misahafu. Wale hawakuamini jicho moja. Sauti hukunyima ruhusa ya kuruka, kwa sababu mdomo lazima upite kila silabi. Ujumbe wa simu usome kwa kunong'ona. Hata kwenye daladala hakuna atakayekushangaa. Barua ya kazi mpe mwenzako akusomee, wewe ukiwa umefumba macho. Pale atakapojikwaa, hata kama kwako panasomeka vizuri, papange upya. Mzee wetu wa steshenari angemwambia kijana, "Nisomee mwanangu, mimi nifuatishe kwenye karatasi yangu," 241 ingeonekana.

Sitaki mtu asome kila "sawa" anayomtumia jirani yake mara tatu. Maisha hayaruhusu, na ujumbe mwingi ukikosewa hauumizi. Vipo vitu vinne ambavyo mtu hapaswi kuvituma bila kuvirudia: jina, kiasi, wakati, na ndiyo au hapana. Ujumbe mwingi uliowahi kumgharimu mtu fedha au machozi, ukiuchunguza, utakuta kosa limekaa kwenye mojawapo ya hivyo.

Kwenye kiasi, tuanze na maneno tunayoyatamka bila kufikiri. "Elfu na mia mbili" ni 1,200. "Elfu mia mbili" ni 200,000. Kinachozitenganisha ni "na" moja, kile kineno ambacho jicho hukipita. Sokoni haidhuru, kwa sababu bei ya nyanya inajulikana na muuzaji yuko mbele yako. Kwenye ujumbe wa makubaliano ya kodi au fundi, andika tarakimu, weka mkato wa maelfu, kisha rudia kwa maneno kama benki wanavyotaka kwenye hundi. Kwenye dawa uangalifu uzidi. Bahasha ya duka la dawa huandikwa 1x3 au 2x2, na anayewatumia maelekezo walio nyumbani anaweza kupindua namba mbili hizo bila kujua. Andika kirefu: "Kidonge kimoja, mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana, usiku." Wahudumu wa afya hufundishwa waweke sifuri mbele ya nukta, 0.5, na wasiiweke nyuma, yaani 5 badala ya 5.0, kwa sababu nukta isiyoonekana vizuri hufanya dozi iwe mara kumi. Kanuni hiyo inafaa hata kwa anayemwandikia dada wa kazi jinsi ya kumpa mtoto dawa ya maji.

Kutuma fedha kwa simu kumetufundisha ukaguzi na hatukuuthamini. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na leo kwenye huduma nyingi za namna hii jina la mpokeaji huletwa mbele yako kabla hujathibitisha. Hiyo ni prufu. Wenye mitambo wamesimamisha muamala makusudi wakuulize: ni huyu? Wengi hawasomi. Kidole kimeshazoea kwamba baada ya kiasi inakuja namba ya siri, kinaendelea na safari. Lisome jina lile kwa sauti kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa jina usilolijua, simama umpigie mwenyewe, maana huenda laini imesajiliwa kwa jina la mumewe, na huenda umepindua tarakimu mbili.

Wakati ndio unaohitaji kuangaliwa zaidi, kwa sababu sisi tunaishi na saa mbili. Simu inaonyesha 08:00, mdomo unasema saa mbili, na tunavuka kutoka upande mmoja hadi mwingine siku nzima bila kujikwaa, hadi siku tutakapoandika. Mtu akikuandikia "tukutane 2:00" hujui kama ni asubuhi kwa saa zetu au mchana kwa saa za simu. Akiandika "saa 2 asubuhi" umepona. Neno la sehemu ya siku, yaani alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku, ndilo linaloipa namba maana, na ndilo tunaloliacha tukiwa na haraka. Kwenye tiketi ya basi iliyojazwa kwa mkono ukiona "12:00" pekee, usiondoke dirishani kabla ya kuuliza na kuandika mwenyewe kwa kalamu.

Safari za ndege ndizo zinazotesa familia. Chukua tiketi iliyoandikwa tarehe 14, saa 02:40. Msafiri anawaandikia nyumbani: "Natua tarehe 14 saa nane usiku." Amesema kweli kabisa. Lakini kwa watu wa nyumbani usiku wa tarehe 14 ni ule unaokuja baada ya mchana wa tarehe 14. Wanapika, wanakodi gari, wanafika uwanjani usiku huo, na mgeni wao amekwisha kutua usiku uliotangulia. Ujumbe salama ungesema: "Usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano tarehe 14, saa nane na dakika arobaini, kwenye saa ya simu ni 02:40." Ni mrefu, ndiyo, na unastahili urefu wake. Anayeandika kutoka Muscat akumbuke kwamba yuko saa moja mbele ya Mombasa na Dar es Salaam; wa Kigali na Bujumbura yuko saa moja nyuma. Aliyeko Marekani aangalie tarehe yake: 5/6 kwake ni tarehe 6 Mei, na kwa wa nyumbani ni tarehe 5 Juni. Mwezi uandikwe kwa jina lake, ubishi unakwisha.

Hata sisi kwa sisi hatukubaliani. Kwa watu wa pwani na visiwani wanaofuata desturi ya kuhesabu siku kuanzia magharibi, "usiku wa Ijumaa" ni usiku unaoiamkia Ijumaa. Kwa wengi wa bara ni usiku unaoifuata. Mwalike mtu wa Unguja na mtu wa Dodoma kwenye kisomo cha usiku wa Ijumaa, ukawaandikie hivyo hivyo tu, watakuja kwa zamu. Andika "Alhamisi usiku, baada ya sala ya isha", hakuna atakayepotea. Hapo kusoma tena hakutafuti kosa, maana kosa halipo. Kunatafuta msomaji: je, huyu ninayempelekea ataelewa kama mimi?

Nije kwenye makundi ya WhatsApp, na hasa kamati za harusi, kwa kuwa sijaona mahali ambapo maandishi yasiyokaguliwa huumiza watu kimyakimya kuliko hapo. Orodha ya michango huanza vizuri. Mweka hazina anaibandika: namba moja fulani, ahadi 100,000, ametoa 50,000, namba mbili fulani. Kisha anasema, "Nakili, ongeza jina lako chini, urudishe." Watu wawili wanainakili orodha ile ile kwa wakati mmoja. Wa kwanza anaongeza jina lake kama namba 18, anairudisha. Wa pili, ambaye kwenye nakala yake mwisho ni 17, naye anajiweka namba 18, anairudisha. Orodha ya pili ndiyo iliyo chini, ndiyo itakayonakiliwa na wa tatu. Yule wa kwanza ametoweka. Hakuna aliyemfuta.

Huyo mtu ni mama fulani aliyetuma 50,000 yake kwa kujinyima. Atajiona hayumo. Je, atauliza mbele ya kundi la watu mia moja? Hapana, ataonekana anatangaza sadaka yake au anaililia. Atanyamaza. Siku za kugawa kadi zikifika, za mtu mmoja na za wawili, singo na dabo, zikapangwa kwa kufuata orodha, kadi yake haitakuwepo. Watu watasema, "Mbona mama fulani hakuja?" na yeye atabaki na jibu moyoni kwa miaka. Nimeuona undugu ukipoa kwa jambo la namna hii, na chanzo chake ni mstari mmoja uliopotea kwenye nakala.

Dawa yake ni nyepesi. Orodha iwe na mikono ya mtu mmoja tu, na wengine wamtumie yeye taarifa pembeni. Kila jioni, kabla ya kubandika, mweka hazina ailinganishe na ya jana mstari kwa mstari, mwenzake akimsomea majina. Kisha ajumlishe waliotoa, alinganishe na fedha zilizopo mkononi. Jumla ni msoma prufu asiyechoka: ikikataa kwa 50,000, kuna jina limeanguka, na atalitafuta usiku huo huo. Katibu wa kikoba, wa kikundi cha kuzikana, wa umoja wa wazazi, haya yanakuhusu sawasawa.

Ujumbe wa msiba usitumwe kwa kunakili wa mwenzako. Nimeona "poleni kwa kumpoteza baba" ikifika mahali alipofariki mama, na salamu za Idi zikitumwa zikiwa na jina la familia nyingine chini yake. Mfiwa husoma kila ujumbe, tena baadaye, nyumba ikishatulia. Andika mistari miwili yako mwenyewe, uhakikishe jina la marehemu na uhusiano wake na unayemwandikia. Kwa wakubwa, angalia pia mwanzo: ujumbe kwa mama mkwe unaoanza na "Umefika?" bila shikamoo hauna kosa la herufi hata moja, na bado una kosa. Na ujumbe ulioandikwa kwa hasira usiutume usiku huo. Uache kwenye rasimu, usome asubuhi.

Makosa ya wengine yaache, labda kama yanabadilisha maana. Kumsahihisha mtu "h" yake mbele ya kundi ni kumfundisha asiandike tena, na tunahitaji watu waandike. Ukipokea ujumbe wa kutisha kutoka kwa mtu asiyezoea kuandika, shuku herufi kwanza kabla ya kulia. Mpigie.

Ukigundua umekosea baada ya kutuma, sahihisha mapema na kwa ukamilifu. Tangu 2023 WhatsApp inakuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, lakini aliyekwisha kusoma huenda asirudi kuutazama. Kwa hiyo tuma mpya, useme wazi: "Nilikosea saa. Mkutano ni Jumamosi tarehe 9, saa nne asubuhi, siyo saa kumi." Nyota moja na neno lililosahihishwa hazitoshi pale watu wanapopanga safari.

Nimeliweka jina mwisho makusudi, kwa sababu kosa lake ndilo linaloishi miaka mingi. Fatma, Fatuma na Fatima ni watu watatu mbele ya ofisi za serikali. Mohamed, Mohammed na Muhammad vilevile. Na Yusuf si Yusufu. Mwalimu huliandika jina kwenye daftari la mahudhurio kama alivyolisikia, daftari likaingia kwenye fomu ya mtihani, fomu ikazaa cheti, na cheti kikakutana na cheti cha kuzaliwa miaka kumi baadaye, mtoto anapoomba chuo, mkopo au pasipoti. Hapo ndipo zinapoanza safari za kwa wakili, hati ya kiapo, foleni na nauli, kwa herufi moja ambayo mwenye jina angeiona papo hapo kama angeonyeshwa.

Mwalimu unayejaza fomu za usajili wa mtihani, nakuomba: kabla fomu hazijatoka shuleni, mwite kila mtoto mezani, mpe karatasi, alisome jina lake herufi kwa herufi huku wewe ukifuatisha cheti chake cha kuzaliwa. Mtoto wa darasa la saba anajua jina lake linavyoandikwa.